Nyota ya Duane

Duane Haugen akigawa karata, jiandae kwa upuuzi. Mezani kwangu kila Ijumaa, hapa mjini Duluth, mgawaji ndiye huchagua jokeri, yaani karata itakayosimama badala ya yoyote, na Duane huchagua kama mlevi anayenunulia baa nzima: mbili zote jokeri, tatu zote jokeri, hata ghulamu aliyechorwa upande, wa jicho moja. Mwisho wake kila mtu ana wafalme watano, na hakuna aliyetumia akili.

"Karata zote zikiwa jokeri," nimemwambia mara ngapi, "hakuna jokeri tena."

Anacheka tu, chembe za keki yangu zikimtoka mdomoni.

Ijumaa ile Arlys, mjane wa mwenzetu Norvald, hakuja kucheza. Alikuja na kompyuta ya marehemu kwapani. Chakula cha kumkumbuka Norvald kilikuwa kifanyike Jumapili, katika ukumbi wa kanisa, na Arlys alitaka kitu kimoja tu: sauti ya mumewe akisali sala ya chakula kwa Kinorwe, lugha ya mababu zake, aliyojirekodi Krismasi moja. Ilikuwa humo ndani, lakini Arlys hakujua mumewe aliipa faili hiyo jina gani.

"Lete hapa, shemeji," akasema Duane, aliyemwoa dada yake Arlys na hajaacha kujisifia tangu harusi. "Kompyuta nayo ina jokeri wake. Hii alama ya nyota. Inasimama badala ya neno lolote."

"Basi andika Krismasi kwanza, halafu hiyo nyota," akasema Arlys.

"Shemeji, hapa hatupiki. Niachie."

Akaandika nyota peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Kompyuta ikamletea kila kitu: picha za samaki, bei za matairi, matangazo ya mashine za kufyeka theluji.

"Umeagiza ziwa zima, umeletewa ziwa zima," nikamwambia.

"Takataka tupu! Nafuta haya matangazo tu."

Lakini nyota yake ilikuwa bado imekaa pale pale, na nyota haijui "haya tu". Akafuta, na kila kitu kikaenda. Kisha akamwaga na pipa la taka la kompyuta, eti mwanamume nadhifu haachi jaa nyuma yake.

"Iko wapi, Duane?" Arlys akauliza polepole.

Duane akakitazama kioo kitupu. "Naam. Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Huku kwetu watu husema hivyo hata ghala likiungua. Halafu, bila haya, akajikatia kipande kingine cha keki yangu.

"Duane," nikasema, "wengine wamezaliwa na mikono. Wewe umezaliwa na mafuriko."

Jumapili sinia za nyama na viazi zilifuka moshi, na mchungaji akamtazama Arlys. Arlys akasimama, akaianza sala mwenyewe, mpaka pale katikati ambapo Norvald siku zote alisita akanusa chakula. Hapo akakwama.

Ukumbi mzima ukanusa. Fuuu! Kisha tukaendelea sote, kwa mwendo wake Norvald, hata wasiojua neno la Kinorwe nje ya sala hiyo. Tumekula naye miaka mingi, nani asiijue?

Ni Duane. Mdomo wake ulifunguka na kufumbika kama samaki aliyetupwa kwenye barafu, maana miaka yote hiyo, sala ikianza, yeye alikuwa ameshaanza kutafuna. Mdomo ule nao ulikuwa nyota: neno lolote lingefaa mle.

Arlys naye alimwona. Akafunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yakitikisika, na wageni wakadhani analia.