Walimu wa Andongwisye

Andongwisye aliondoka kijijini kwao Busale akiwa kijana, amejitwika pembe za ndovu kwenye msafara wa kwenda pwani. Hakurudi na msafara ule. Alibaki Tanga, kibarua katika shamba la Wadachi, akilala kibanda kimoja na Mchina aitwaye Lau.

Kila alfajiri Lau alisimama uani, magoti ameyakunja, kimya. Andongwisye akaomba afundishwe. Msimu mzima alifundishwa kusimama tu.

"Kupiga nitajifunza lini?"

"Bado unaelea," Lau alimjibu.

Homa ikamchukua Lau kabla hajamfundisha zaidi.

Kwenye ujenzi wa reli Andongwisye akampata Fung, mpishi wa vibarua wa Kichina. Fung alipomwona amesimama vile, alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Adui atakusubiri mpaka umalize kusimama?" Huyo akamfundisha ngumi fupi, za haraka, zinazoanzia kiunoni.

Mkataba ulipokwisha alirudi Busale, akamwoa Tusekile, wakamzaa Anyisile, akalima mpunga. Asubuhi alifanya mazoezi migombani, majirani wakimcheka. Kicheko chao hakikumuumiza. Kilichomsumbua ni kutojua yupi kati ya walimu wale alikuwa sahihi.

Miaka ikapita. Siku moja wavuvi wakaleta habari kwamba huko ufukweni mwa ziwa, panapotengenezwa mashua, yupo seremala Mchina.

"Nenda, Baba Anyisile," alisema Tusekile, akimfungia mchele. "Ukibaki utaendelea kugombana na migomba."

Seremala, jina lake Chen, alimtazama akicheza yote aliyoyajua.

"Walimu wako wote wawili walikuwa sahihi," alisema. "Ila umezoea kuwa peke yako. Mwenzako humsikii."

Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Andongwisye, kwa upole tu. Andongwisye alipotaka kusukuma, alijikuta chali mchangani.

"Ndaga fijo," alishukuru kwa lugha ya kwao, akicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kila baada ya mavuno alimrudia Chen, mpaka vita vilipozuka na mafundi wakatawanywa.

Ndipo askari wa Wadachi wakaja Busale kukamata wapagazi. Walimkuta Hezroni, shemeji yake, anatetemeka kwa homa. Askari mmoja akainua kiboko. Andongwisye akaupokea mkono ule, akaufuata ulikokwenda, na askari akajikuta ameketi kwenye tope la mpunga, mzima kabisa. Ngumi ya Fung ilikuwa tayari kiunoni. Akaiacha ilale.

"Mwacheni mgonjwa," alisema. "Nichukueni mimi."

Wakamfunga kamba. Tusekile akaenda kumfunika kaka yake.

Njiani, katika kupanda milima, askari yule alimsogelea, tope limemkaukia kwenye suruali.

"Ulifanyaje pale?"

Andongwisye aliwakumbuka watu watatu wa mbali, ambao hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni nani kabla ya kumfundisha.

"Tukipumzika," alisema, "weka bunduki chini, nipe mkono wako."

Kwenye kijito msafara ulisimama. Askari akaangaza huku na huku, akaiegemeza bunduki kwenye jiwe, akanyoosha mkono.