Mapezi ya Kadilaki

Gari liliingia Bariadi mgongoni mwa lori la pamba, limefungwa kamba pande nne kama fahali anayepelekwa mnadani. Kabla lori halijazima injini, watu walikuwa wameshaacha vibanda vyao na kulifuata hadi gereji ya fundi Constantine. Lilikuwa Kadilaki, gari la kifahari la Kimarekani la mwaka hamsini na tisa, lililolala uani kwa tajiri mmoja wa Mwanza hadi kuku wakataga kwenye siti zake. Rangi yake ya samawati ilikuwa imepauka, lakini lilikuwa refu kuliko vyumba vya wengi waliokuja kulitazama, na huko nyuma lilikuwa na mapezi mawili yaliyosimama juu, kila moja limebeba taa mbili nyekundu zilizochongoka.

Mwenye gari alikuwa Mayige wa Kasoli, manju, yaani kiongozi wa kundi la ngoma. Mwaka ule wa 1995 wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakipishana vijijini na kugombania kila gunia. Mayige alivuna vizuri, akauza vizuri, lakini hakununua bati wala jembe la ng'ombe. Alinunua Kadilaki la kuchezea ngoma.

Kwao hilo halikuwa jambo la kichaa. Kila sikukuu ya Sabasaba, tarehe saba Julai, makundi mawili yalishindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, ngoma hii huku na ile kule. Hapakuwa na jaji mwenye karatasi. Watu ndio waliokuwa majaji, kwa miguu yao wenyewe: walipovutiwa walihama, na jioni yule aliyezungukwa na wengi ndiye aliyekuwa mshindi. Kwa hiyo kila manju alitafuta cha kuwashangaza. Miaka miwili mfululizo Ngeleja wa Nyashimo alimshinda Mayige kwa chatu wake, na wachezaji saba wa Mayige walikuwa wameshahamia kwake. Akishindwa mara ya tatu, kundi lingekufa. Kasoli nzima ilijua hivyo.

Aliyeshona mavazi ya kundi alikuwa mpwa wake, Nyanjige, binti wa miaka kumi na tisa aliyeishia darasa la tano. Alikuwa na haya kiasi kwamba akiulizwa jambo mbele ya wanaume aliijibu ardhi. Siku hiyo alitumwa gereji kupima siti ili azishonee vitambaa vipya. Alizipima kwa shubiri, akamaliza, lakini hakuondoka. Alilizunguka gari mara moja, akalizunguka tena, na moyo ukaanza kumdunda kama aliyekimbia.

Hakuwa akiliona gari lililokuwa mbele yake. Alikuwa akiona litakavyokuwa. Paa limeondolewa. Siti ya nyuma imegeuzwa, inatazama nyuma. Buti linafunguka, na mle ndani, mahali pa mizigo ya matajiri, imekaa ngoma kubwa na mpigaji wake. Mapezi yameongezwa bati yakapanda hadi usawa wa bega la mtu, yamepakwa mabaka meusi na meupe kama ng'ombe dume aliyenona, na shanga zinaning'inia kingoni zikitikisika kwa kila pigo. Bampa imesuguliwa kwa majivu mpaka mtu anajiona meno. Alirudi nyumbani karibu anaruka, akachomoa ukutani kalenda waliyopewa na mnunuzi wa pamba, akaigeuza na kuchora yote kwa mkaa, mpaka mkono ukawa mweusi hadi kiwikoni.

Kesho yake, akiwa gereji na cherehani yake, alisikia mpango wa wanaume. Constantine alikuwa akimweleza Mayige kwamba sehemu ya nyuma ikatwe yote, mapezi yale yatolewe, pawekwe sakafu ya mbao ili wachezaji kumi wasimame. Gari litaingia uwanjani kwa mbele, taa kubwa zikiwaka, na Mayige atakaa juu ya boneti. Mayige alipenda sana habari ya boneti.

Nyanjige alitaka kusema. Siku tatu alimfuata mjomba wake akiwa na kalenda imekunjwa kifuani, na siku tatu mdomo wake ulipofunguka uliomba uzi. Mayige alishangaa, akamnunulia uzi wa kutosha mwaka mzima.

Siku ya nne asubuhi alimkuta Constantine ameshachora mstari wa chaki chini ya mapezi. Msumeno wa chuma ulikuwa mkononi. Meno yake yalipogusa bati yalitoa mlio mmoja mfupi, na Nyanjige akajikuta amesimama pale, kiganja chake kiko juu ya mstari wa chaki.

"Toa mkono, dada," Constantine alisema. "Msumeno haumjui mtu."

"Usikate."

Constantine aligeuka polepole kumtazama Mayige. "Manju, cherehani yako leo imeongea."

Waliokuwa gereji walicheka. Mayige hakucheka. Alimjua mpwa wake tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuwahi kumsikia akimkataza mtu kitu.

"Sema, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nyanjige alilitazama bati, akaliambia bati, lakini kwa sauti iliyosikika. "Mjomba, sisi tunashindwa nyuma. Ukicheza unawaona walio mbele yako. Hao ni wetu tayari. Mimi nasimama nyuma yenu na sindano, nangoja nguo ichanike. Walioko kwa Ngeleja wakigeuza shingo, wanaona migongo yenu tu. Nani atavuka uwanja kufuata mgongo?"

Mayige alifikiri. Alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Miaka yote aliyocheza hakuwahi kusimama mahali aliposimama huyu mtoto.

Ndipo Nyanjige akatoa kalenda. Constantine aliipokea kwa ncha za vidole, akaanza kuisoma kwa kejeli ili wote wasikie: siti inatazama nyuma, ngoma iko ndani ya buti, dereva bila shaka ataona kwa kisogo. Nyanjige alimjibu kwamba gari litaingia kinyumenyume, mapezi mbele. Constantine akafungua mdomo aendelee kucheka, kisha akausogeza mchoro karibu na macho.

"Mfuniko wa buti umeulaza pembeni," alisema. "Bawaba hii umeiona wapi?"

"Kwenye kisanduku cha cherehani yangu."

Alikwenda kukitazama kile kisanduku, akakifungua na kukifunga mara tano. Aliporudi aliuweka msumeno chini, akafuta mstari wa chaki kwa mkono wa shati.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa na siku ndefu. Walikata paa, wakapinda bati juu ya moto, wakagombana kuhusu rangi. Nyanjige alipotaka mabaka yawe mapana, Constantine alibisha, akapaka membamba, akayatazama kutoka ng'ambo ya barabara, akarudi kupaka mapana.

Siku ya Sabasaba uwanja ulijaa mapema. Ngeleja alitoa chatu wake, akamzungusha shingoni mwake, na watu wakamiminika kwake kama maji. Upande wa Mayige walibaki ndugu na majirani. Kisha kutoka barabarani ukasikika mngurumo wa injini nzito, moshi ukapanda, na Kadilaki likaingia uwanjani kinyumenyume, mapezi yametangulia, yenye mabaka, yanametameta kwa shanga, taa nne nyekundu zikiwaka mchana kweupe. Lilisimama katikati. Mfuniko wa buti ukalala pembeni, na Shida, mpigaji wa ngoma, akaonekana ameketi ndani akipiga. Kwenye siti iliyogeuzwa aliinuka Mayige, uso wake ukiwatazama watu wa Ngeleja, akawaimbia wao.

Shingo zikageuka. Kwanza walivuka watoto, kisha kina mama, kisha wazee wenye fimbo zao wakisukumana bila aibu. Nyanjige alikuwa ameshika sindano yake mahali pake pa kila mwaka, lakini safari hii nyuma ndiyo ilikuwa mbele, na watu walimkanyaga miguu.

Hakufurahi muda mrefu. Aliona kundi kubwa upande wa kulia limesimama nusu ya uwanja, likiinuka kwa ncha za vidole vya miguu, likisitasita. Mfuniko uliolala pembeni ulikuwa ukiwazibia ngoma. Baadhi walianza kurudi kwa chatu. Nyanjige alijipenyeza kati ya viwiko hadi dirishani kwa dereva.

"Fundi, geuza kidogo. Wa kulia hawaoni."

Constantine aliweka mkono sikioni. Ngoma ilikuwa imemeza kila kitu.

"Geuza gari," Nyanjige alipaza sauti, wanaume wote waliokuwa karibu wakamsikia. "Bado. Ongeza. Hapo."

Constantine aligeuza, akaongeza, akasimama alipoambiwa. Mapezi yalizunguka taratibu juu ya vichwa vya watu, na upande wa kulia wote ukaanza kukimbia kuja.