Kopo la Wifi

Wifi yangu alikuwa akitia kokoto kwenye kopo la maziwa, moja moja, akilitikisa na kutega sikio.

"Bado linanguruma kama tumbo la mgeni aliyecheleweshewa chakula," alisema, akaongeza nyingine.

Mbuzi walikuwa wametapakaa mlimani mbele yetu. Kwa maneno walikuwa wa mume wangu. Kwa vitendo walikuwa wa binti yetu, aliyewachunga tangu utotoni na kuwaita kwa mluzi. Alipoanza shule, siku ya pili tu walimfuata. Beberu wetu, Waziri, aliingia darasani akatafuna chati ya hesabu ukutani.

Mume wangu hakugomba. Alisema tu, "Wakienda tena kule, mtoto atarudi machungani. Sina mtu mwingine."

"Mimi si mtu?" dada yake akauliza.

"Dada, na magoti hayo?"

"Yanauma nikikaa, yanauma nikisimama. Basi yaumie mlimani."

Kikwazo kilikuwa mluzi. Wifi hana meno ya mbele. Alipojaribu, ulitoka upepo mtupu, binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Wifi naye akacheka, kisha akaniomba kopo. Tangu hapo, kila jioni mtoto akipiga mluzi, shangazi yake alitikisa kopo kando yake na kuwalambisha mbuzi chumvi kiganjani. Kila jioni alimwambia, "Leo punguza kidogo, mwanangu." Mluzi ukafifia, kopo likabaki.

Asubuhi hii mtoto alikwenda shule, nasi kwa mara ya kwanza tukawatoa mbuzi kwa kopo peke yake.

Kengele ya shule ikalia bondeni. Waziri akainua kichwa, akaanza kuteremka, na kundi nyuma yake. Shambani chini yetu, mume wangu aliacha kulima.

"Wifi, wanakwenda."

"Nawaona. Ukikimbia, watadhani ni mchezo."

Akatikisa. Waziri hakugeuka. Akatikisa tena, taratibu, mkono wa chumvi mbele. Beberu akasimama. Akaitazama shule, akatutazama sisi, kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja. Halafu akapanda kuja kwetu, na wenzake wakamfuata.

Isipokuwa majike wawili wachanga. Hao waliendelea kuteremka, na mume wangu akatupa jembe akawakatiza kabla hawajaifikia njia ya shule. Aliwapandisha kwetu akihema. Nilingoja atakachosema.

"Hawa hawakusikia," alisema.

"Walisikia. Hawajaamini. Chumvi yangu wameilamba siku chache mno."

Mume wangu aligeukia bondeni. Sauti za watoto wakisoma kwa pamoja zilitufikia, na sidhani kama aliweza kuitambua ya binti yake, lakini alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kesho nitalima upande wa njia," alisema mwishowe. "Wakikuponyoka, watanikuta mimi." Akajikuna shingo. "Jirani naye ametukodolea macho tangu asubuhi. Anauliza kama mbuzi wake wanaweza kufundishika. Wanawe wote wawili ni wachungaji, hawajaanza shule."

Wifi alikuwa ameshamwaga kokoto kwenye kanga yake, akichagua upya.

"Mwambie awalete kesho, na wanawe waje wapige mluzi kabla ya kengele," alisema. "Na chumvi aje nayo. Yangu inakwisha."