Aliyemsimamisha Tak Inbeom

Kila Siku ya Walimu, Maeng Sukja hakuwepo nyumbani. Walimu wengine wazee hutamani kutembelewa na wanafunzi wao wa zamani. Yeye siku hiyo alidamkia basi la kwanza kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mlima, akarudi alasiri na kukuta maua yamening'inizwa mlangoni. Alijua ni ya nani. Mwaka huu goti lilimgomea, na Mchungaji Tak Inbeom akamkuta ameketi sakafuni akimenya viazi.

"Maua mengi hivyo," Sukja akamwambia. "Umekuja kunipongeza au kunizika?"

"Akuzike nani, Mwalimu? Mauti yenyewe ikisinzia utaifinya, kama ulivyotufinya sisi."

Wakacheka, na Sukja akammiminia chai ya shayiri. Alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili zamani, bonde lilipokuwa la makaa ya mawe na watoto sitini wakijazana ukumbini, kola zao nyeusi tii. Siku hizi migodi imefungwa. Inbeom ana miaka hamsini na mmoja, anachunga waumini kumi na mmoja, vikongwe karibu wote, na siku za kazi anaendesha basi la shule ili apate kula.

Alieleza shida yake bila kuzunguka. Kanisani kwake yuko msichana mmoja, Ki Seolhui, aliyelelewa na bibi yake. Kwenye kambi ya kanisa mwaka jana, Seolhui alisimama akaweka nadhiri ya kwenda kuhubiri nchi za mbali. Sasa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na moyo umegawanyika. Amemuuliza mchungaji wake: nitajuaje kama ni Mungu aliyeniita? Inbeom amemjibu asubiri Jumapili. Atasikia jinsi mkono wa Mungu ulivyomwinua yeye Inbeom akiwa mtoto, na mwalimu aliyeketi nyuma yake siku ile atakuja kushuhudia.

"Neno moja tu, Mwalimu. Useme uliona."

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

Alikuwa ameona, ndiyo. Ilikuwa kambi ya mwaka themanini na sita, kwenye mlima wa maombi, siku ya mwisho, kabla ya chakula cha mchana. Mhubiri mgeni aliwataka watoto walio tayari kumtolea Mungu maisha yao wasimame. Na kwa watu wale nadhiri si mchezo: aliyesimama amesimama, na akirudi nyuma, hata akivunjika mguu, majirani watanong'ona kwamba nadhiri inadai. Makanisa ya bondeni yalishindana kwa jambo hilo, ingawa hakuna aliyekiri. Kanisa la kule chini mtoni lilikwisha simamisha watano. Darasa la Sukja, hata mmoja. Mke wa mchungaji wa wakati ule aligeuka akamtazama Sukja, kisha akageukia mbele.

Inbeom alikuwa ameketi mbele yake, miaka kumi na mitatu, baba yake kafia mgodini, mtoto aliyeshinda akichora vichwa vya treni pembeni mwa kitabu chake cha nyimbo. Wote wamefumba macho. Sukja akapenyeza kiganja chini ya kwapa la mtoto akamwinua. Hakuwa mzito. Alisimama, akaangua kilio, na ukumbi mzima ukalia naye.

Baadaye, kwenye foleni ya chakula, alimjia mwalimu wake uso unang'aa, akamwambia Mungu amemshika kwa mkono. Sukja alifungua kinywa. Mke wa mchungaji alikuwa amemkumbatia Sukja mabegani, anamsifu. Akakifunga.

Alikifunga miaka thelathini na minane. Alikuwa akisikia habari ya mkono ule ikisimuliwa makanisani, na kila mara alipata sababu ya kutoka nje.

"Mchungaji," alisema, kisha akaacha cheo. "Inbeom. Ule mkono ulikuwa wangu."

Inbeom alitabasamu kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha. Sukja alimweleza yote, mpaka jinsi mke wa mchungaji alivyogeuka, na alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

"Mama alitaka niende karakana ya treni," Inbeom alisema polepole. "Nilimwambia siwezi, nimeitwa. Alibaki akichambua makaa mpaka mapafu yakaisha. Sasa nani aliniita, Mwalimu?"

"Sijui. Najua tu nani alikuinua."

"Ungekufa nalo."

"Nilikusudia hivyo. Halafu umenitajia huyu mtoto." Akasita, kisha akauliza alichokuwa akikiogopa. "Siku ile aliposimama, wewe ulikuwa wapi?"

Inbeom aliitazama mikono yake. Alisema msichana alikuwa akisitasita. Alisema alimwekea tu mkono mgongoni, kumpa moyo. Alisema hayo mara mbili.

Kisha akainuka, akavaa viatu, akatoka bila kuinama kumuaga. Sukja alijikokota nyuma yake na goti lake, kandambili moja imegeuka, mpaka garini.

"Nipeleke kwake."

"Utamwambia nini?"

"Nilichokutenda. Na kwamba achague mwenyewe, asiogope mguu kuvunjika."

"Na mimi? Jumapili nitasimama mbele ya wale wazee niseme nini?"

Sukja alitafuta la kumpa, hata neno la faraja kama yale aliyowapa watoto zamani, akaona hana haki ya kumpa hata hilo. Alibaki ameshika kioo cha gari, anapumua kwa shida.

Inbeom aliketi kwenye usukani. Kisha akanyoosha mkono akafungua mlango wa upande wa pili, bila kumtazama.

"Funga mkanda," akasema.