Saa Moja ya Kunyamaza

Babu alikuwa kinyozi, na kumnyamazisha kinyozi saa nzima ni kumwonea. Lakini muuguzi alisema wazi: mjukuu wake wa miaka saba ameshadungwa ile sukari yenye mionzi, sasa alale, asiongee hata neno, mpaka apigwe picha. Saratani hula sukari kwa pupa ikawaka pichani. Uvimbe wa kifuani ukiwaka tena, ile dawa ya kuamsha askari wa mwili itakuwa imeshindwa, na nyingine hakuna.

Muuguzi akaondoka. Babu akabaki upande wa pili wa kioo cha chumba cha mtoto, kando ya kipaza sauti cha kuongea naye.

"Mume wangu," mtoto alinong'ona, "umelala?"

"Nilale nikuache na nani, mke wangu?"

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Walikisema chakula cha wodini, wakamsema bibi anavyokoroma, mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Muuguzi aliporudi, aliwakuta wamejikausha.

Mchana daktari alimwita babu mbele ya kompyuta. Kifuani, mahali palipokuwa pakiwaka kama taa, palikuwa giza tupu.

"Dawa imefanya kazi, mzee. Tatizo ni hapa kooni." Aligusa alama mbili za mwanga. "Hazikuwepo mwanzo. Kama ugonjwa umehamia huku, itabidi tusimamishe dawa, tukate kinyama tukapime. Alinyamaza kama alivyoambiwa?"

Babu aliona aibu hadi masikio yakamchemka.

"Hakunyamaza. Kosa ni langu, daktari. Tulipiga soga saa nzima."

Daktari alimkazia macho, kisha akashusha pumzi na kucheka. "Misuli ya sauti ikifanya kazi nayo hula sukari. Wiki ijayo tutarudia picha ya shingo. Na wewe utakaa nje."

Babu aliinamia kompyuta. Miaka arobaini ameongea na vichwa vya watu, na hakuwahi kujua kwamba maneno huwaka ndani ya mtu. Alisimama pale akiyatazama.

Wiki iliyofuata alikaa kwenye benchi la nje, kiganja mdomoni. Safari hii koo nalo lilitoka giza.

Picha safi alimpelekea mama wa mtoto. Ile ya kwanza aliiomba, akaibandika kwenye kioo chake cha kinyozi. Mteja akiuliza ni nini hicho kinachowaka, babu husimamisha mkasi.

"Hapo," husema, "mke wangu alikuwa ananicheka."