Sindano Aliyoikataa Cheruto

Kabla Cheruto hajafungua hata kitabu kimoja cha chuo, watu wa Rongai walikuwa wamekwisha kumfanya daktari.

Aliyeanza ni mama yake mzazi, Jepkemboi. Barua ya chuo ilisema wazi kwamba msichana ameitwa kusomea kazi ya maabara. Lakini maabara utaielezaje kanisani, ibada imekwisha na watu wanataka chai? Jepkemboi alisimama akasema, "Mungu ni mwema. Cheruto ameitwa kusomea udaktari." Watu wakapiga makofi, mchungaji akamwekea msichana mkono kichwani, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Ikawa daktari huku, daktari kule. Mama akafurahi, akanyamaza. Mama mwenzangu unayesoma hapa, kosa liko hapo. Lilianza na neno moja tu, tena la furaha.

Huko Nakuru, Cheruto alipanga chumba kimoja mtaa wa Free Area, na siku ya kwanza darasani akaona jinsi alivyokuwa hajui kitu. Mwalimu wao, Madam Wangechi, alichora nyumba ubaoni akasema, "Hii ni hospitali. Nani anafanya kazi ndani?"

"Daktari!" darasa likajibu. "Nesi!"

"Basi mgonjwa atakufa," Madam Wangechi akasema, na akaanza kujaza ile nyumba. Wa kupima damu. Wa kupiga picha za mifupa. Wa kutoa dawa. Wa kupanga chakula cha mgonjwa wa sukari. Wa kutunza faili. Wa kutengeneza mguu wa bandia. Wa kukagua maji na nyama sokoni ili watu wasifike hospitali kabisa. "Mgonjwa anabebwa na watu wengi, ninyi mmeona wawili tu. Na kila mmoja anajua mkono wake unafika wapi. Asiye na cheti, mkono wake ukae mfukoni. Na kabla ya sindano yoyote kuna swali. Mmesikia? Swali kwanza."

Cheruto aliandika maneno hayo akayapigia mstari. Akapenda darubini kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote. Kwao kila mtu alikuwa mtu wa kubahatisha: ukisikia baridi ni malaria, tumbo likikuuma ni maji ya mto. Hapa, kwa mara ya kwanza, alikutana na watu ambao wakiwa hawajui walisema hawajui, kisha wakaenda kutafuta. Alijiambia, hii ndiyo kazi yangu. Sitaki nyingine, na sitaki jina la mwingine.

Lakini kila akifunga chuo, langoni kwao kulikuwa na foleni. Mama Kamande alileta goti. Mwingine alileta mtoto wa jirani yake, jirani mwenyewe hana habari. Cheruto aliwaambia waende hospitali, na mama yake alimfinya kwa nyuma. "Wape hata panadol. Usituaibishe."

"Mama, waambie ukweli."

"Nitawaambia," Jepkemboi alisema. Hakusema.

Basi likizo ya Aprili, mwaka wa pili, Jumamosi asubuhi, anko Kipkemoi aliingia na chupa kwenye mfuko wa koti. Kipkemoi ni ndugu wa marehemu baba yake Cheruto, mtu mwenye ng'ombe kumi na mmoja wa maziwa, na dawa zao zote anazidunga mwenyewe. Ndama wa majirani pia anawatibu, na wengi wamepona. Siku hiyo lakini mgonjwa alikuwa mama yake Kipkemoi, Kogo, yaani nyanya yake Cheruto, ambaye alijikata na jembe juu ya kidole cha mguu siku tano zilizopita. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mifupi hapo mlangoni, mguu juu ya gunia la mahindi, umevimba na kuwa mwekundu mpaka karibu na goti. Mwili ulikuwa moto.

"Daktari, kazi yako hii," Kipkemoi alisema, akaweka chupa mezani. "Sindano ni mpya. Nimenunua ya watu, si ya ng'ombe. Unaona vile ninajali?"

Cheruto akaichukua ile chupa. Dawa ilikuwa nyeupe kama maziwa. Lebo ilikuwa na picha ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe.

"Anko, hii ni ya mifugo. Hapa imeandikwa usiuze maziwa yake kwa siku kadhaa. Sasa Kogo tutamkataza kuuza nini?"

Kogo akacheka, halafu akashika mguu.

"Usinichekeshe," Kipkemoi alisema. "Dawa ni dawa. Ningefanya mwenyewe, lakini huyu ni mama yangu, siwezi kumwinulia nguo. Wewe ni mjukuu, tena ni msichana, tena ni daktari."

"Mimi si daktari. Ninasomea maabara. Sijaruhusiwa kudunga mtu dawa."

"Na huko chuoni mnafanya nini miaka miwili, mnaruka kamba?"

"Tunajifunza kutoa damu, mwalimu akiwa amesimama hapo, na kuipima."

"Basi! Kutoa na kuingiza ni barabara moja!"

Jepkemboi alimvuta binti yake kando ya meza, akanong'ona, ingawa nyumba ni ndogo na kila mtu alisikia. "Cheruto, mama, dunga tu. Ni anko yako. Ukikataa atatangaza sokoni kote. Watasema ulisomea nini."

"Watasema sikuua mtu."

Msichana wa miaka ishirini hakuwa amewahi kujibu hivyo mbele ya Kipkemoi. Lakini alijua kitu kimoja vizuri: chupa ikibaki mezani na yeye atoke nje, kabla ya saa sita atakuwa ameitwa mtu mwingine yeyote mwenye mkono usiotetemeka. Kogo angedungwa tu. Kukataa peke yake hakungetosha.

Swali kwanza.

Akapiga magoti mbele ya kiti. "Kogo, umewahi kudungwa sindano?"

"Heh! Mmekumbuka niko hapa," Kogo akasema. "Mnaongea juu yangu kama mimi ndiye huyo ng'ombe kwa chupa. Nimedungwa. Babu yenu alikuwa anafanya kazi kule Kariandusi, kuchimba ile mawe nyeupe. Huyu Kipkemoi alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa na kidonda, nikaenda zahanati, nikadungwa. Sijafika mlangoni, uso ukavimba kama boga. Pumzi ikakataa kuingia. Niliamka kitandani kesho yake. Wakaniambia, mama, hii dawa isikuguse tena maisha yako yote. Wakaandika kwa karatasi."

"Karatasi iko wapi?"

"Ililiwa na mchwa."

"Na dawa ilikuwa ya rangi gani, Kogo?"

Kogo akanyoosha kidole mezani. "Kama hiyo."

Jepkemboi aliketi kitako. Kipkemoi akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, mbona hujawahi kutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

"Hiyo ni zamani," Kipkemoi akasema, lakini sauti imepungua. "Dawa za siku hizo na za siku hizi si moja. Wewe Cheruto, una hakika ni hii?"

"Sina. Sijui kama ni hii, na wewe hujui. Ndiyo maana hakuna mtu anamdunga hapa. Washa pikapu, anko."

"Nina mikebe ya maziwa ya kupeleka."

"Basi nitambeba mgongoni mpaka kwa lami."

Na hakuwa akitania. Alichukua ile chupa akaitia kwenye mfuko wa sketi yake, akainama, akaweka mkono wa Kogo shingoni. Kogo ni mwanamke mzito. Walisimama, wakayumba. Cheruto hakutazama mtu. Alikuwa anatazama mlango tu, akihesabu hatua, wakati alipohisi uzito umepungua upande wa pili. Mama yake alikuwa ameshika mkono ule mwingine.

"Shemeji," Jepkemboi alimwambia Kipkemoi, huku machozi yakimtoka, "aliyewaambia huyu ni daktari ni mimi. Niliwadanganya. Sasa washa gari."

Mikebe ikashushwa.

Kule hospitali, kabla mhudumu hajagusa mguu, aliuliza, "Mama, kuna dawa inayokukataa?" Kipkemoi akatazama viatu vyake. Kogo akasimulia yote tangu Kariandusi, polepole, bila kuruka kitu, na mhudumu akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Damu ilichukuliwa, ikapelekwa kwenye chumba kidogo chenye darubini. Cheruto alisimama nje ya mlango ule kwa muda mrefu, mikono mfukoni. Walimtafutia Kogo dawa nyingine, akalazwa siku sita, akarudi na mguu wake.

Kama ile chupa ingemuua, hakuna ajuaye. Labda ingempita salama. Lakini fikiria, mama mwenzangu, kama msichana angeona haya siku ile. Fikiria angependa kumridhisha mama yake. Sisi ndio tunaowavalisha watoto koti la watu wengine, kisha tunawasukuma mbele ya mgonjwa.

Jumapili iliyofuata Jepkemboi alisimama tena pale pale kanisani. "Cheruto hasomei udaktari. Anasomea maabara. Mimi ndiye nilisema vibaya. Msituletee magoti tena." Watu wakacheka, na Mama Kamande akanuna. Wengine walisema msichana amejaa kiburi cha mjini. Cheruto aliwasikia kabisa. Wacha waseme.

Kogo alidai karatasi mpya badala ya ile ya mchwa. Jepkemboi aliiandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, Cheruto akimtajia: jina la Kogo, na dawa isiyotakiwa kumgusa, kama hospitali walivyoiandika. Wakaibandika ukutani kando ya kalenda.

Kipkemoi alikaa wiki mbili bila kuwasalimia. Siku Cheruto alipokuwa akifunga begi kurudi Free Area, alifika akasimama mlangoni, akaisoma ile karatasi mpaka mwisho.

"Daktari," akaanza.

"Mimi si daktari, anko."

"Basi wewe mwenye kichwa ngumu." Akaketi kwenye kiti cha Kogo, akaweka kofia juu ya goti. "Niulize na mimi lile swali la hospitali."