Jicho la Sakafu

Mume wangu tunamwita Tayari. Jina hilo alipewa na dada zake zamani, kwa sababu neno hilo humtoka kabla kazi haijafika nusu. Mlango unaning'inia kwa bawaba moja, yeye anapangusa mikono: tayari. Kwa hiyo Alhamisi alipopanda kutoka chumba cha chini akitangaza kwamba amemaliza kufunga beseni la kunawia la mama yake, nilipaswa kushuka nikague mwenyewe. Sikushuka. Nilikuwa nimechoka. Hilo ni kosa langu la kwanza, la pili mtalisikia.

Ijumaa asubuhi nikashuka na mashuka mapya mkononi. Nilipomaliza ngazi, mguu ukazama hadi kifundoni.

Chumba chetu cha chini kiko nusu ardhini, na dirisha lake moja liko usawa wa nyasi. Kwa miezi miwili tulikuwa tukikiandaa: rangi, kitanda, kabati, na hilo beseni kwenye kona. Sasa ndala zilikuwa zinaelea, zulia la kando ya kitanda limevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na chini ya beseni bomba linarusha maji ukutani kwa raha zake.

"Tayari! Njoo uone kazi yako!"

Alikuja mbio na mswaki mdomoni. Nikamtuma akafunge koki kuu, mimi nikaenda kuzima umeme wa chumba kile kabla hatujatia miguu tena.

"Haki ya Mungu nilikaza," akasema aliporudi.

"Ulikaza kwa mdomo."

Mama yake alikuwa ahamie kwetu Jumamosi. Magoti yake ni mazima kuliko yangu, lakini mwaka huu alishasahau jiko likiwaka mara mbili, na mara ya pili mapazia ya jikoni yakashika moto. Tulimbembeleza mwezi mzima. Mwisho akasema, "Nitakuja kutazama. Nikiona nawasumbua, narudi kwangu, na msiniambie tena habari hizi." Ufunguo wa nyumba yake aliuacha kwa jirani. Nilijua akirudi safari hii, tutakachosikia baadaye ni habari ya moto.

Tulikuwa tumeanza tu kuchota maji kwa ndoo, mimi, Tayari na binti yetu, simu ikalia. Shemeji yangu. Amepata safari ya kikazi kesho, kwa hiyo anamleta mama leo. Wako njiani, baada ya saa moja watafika.

"Tumwambie asije leo," Tayari akasema.

"Ukimwambia asije leo, haji kabisa. Unamjua mama yako."

"Basi tumkalishe sebuleni. Tufunge mlango wa huku. Tukaushe taratibu."

Mimi si mtu wa kuficha mambo. Lakini nilitazama kile kitanda, nikakubali.

Mama mkwe aliingia na mkoba wake kwapani, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nilimpa chai. Mkoba hakuuweka chini. Tayari alikuwa anacheka kila kitu, hata ambacho hakichekeshi. Shemeji aliaga haraka akaondoka. Ndipo binti yangu akatokea kule chini, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu inadondosha maji sakafuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umevua samaki wangapi?"

Binti akanitazama. Mimi nikatazama chai.

"Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja," mama mkwe akasema. "Mnadhani siijui harufu ya maji yaliyosimama? Nilianza kuisikia nikiwa mlangoni. Yako wapi?"

Akasimama na mkoba wake, akafuata nyayo za maji za mjukuu wake, akashuka ngazi mpaka katikati. Akatazama kitanda, zulia, na ndala mpya tulizomnunulia, zimekwama kwenye mguu wa kabati.

"Ndicho hiki?"

Tayari alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Ndicho hiki, mama. Bomba limefyatuka. Tulitaka kukudanganya, haikufaa. Ukitaka kurudi sitakulaumu, lakini mimi nataka ubaki."

Mama mkwe aliinama, akachungulia huku na huku.

"Jicho liko wapi?"

"Jicho gani?"

"Jicho la sakafu. Kule kazini kila sakafu ya chini ilikuwa na jicho, tundu la kutolea maji. Aliyejenga chumba hiki hakuwa mjinga, tazama sakafu inavyoinamia kule. Nyinyi mnachota maji kwa ndoo kama mnakunywa bahari, hata jicho hamjalitafuta?"

Jicho lilikuwepo. Miaka sita iliyopita lilikuwa linaleta mende, nami nilichoka kuwaua. Nikachukua taulo kuukuu, nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikalishindilia kwenye tundu kwa mpini wa ufagio. Juu yake nikatandika zulia la plastiki. Tena juu ya zulia, wiki iliyopita, kwa mikono yangu, nikasimamisha kabati la mama mkwe.

"Liko chini ya kabati," nikasema. "Mimi ndiye niliyeliziba."

Natamani mngeuona uso wa Tayari. Mtu aliyetukanwa tangu alfajiri, leo Mungu amemkumbuka.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

"Umesikia. Shika kabati."

Tulilisogeza watatu. Nilikunja zulia, nikapiga magoti majini, nikavuta. Taulo halikutoka. Binti alinishika kiuno, Tayari akamshika binti, na mama mkwe akatuhesabia kutoka kwenye ngazi: moja, mbili, na tatu! Likatoka, tukaanguka wote kwa makalio. Tundu likakoroma, likameza, maji yakaanza kuzunguka.

"Linaona!" binti akapiga kelele.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaninyooshea mkoba.

"Nishikie. Na hapana, usiniletee kiti. Nileteeni ufagio mgumu na matambara."

Hakutuacha tupumue. Anza ukuta wa mbali, usukume kuelekea jichoni, usilizunguke. Godoro nje, lisimame kwa ubavu, lisilale. Kitanda kipandishwe juu ya matofali. "Kamua vizuri, mke mwenzangu, hilo ni tambara, halina mbavu za kuvunjika." Kwa tundu aliagiza kifuniko cha wavu. "Mende hapiti, maji yanapita. Ungeniuliza tu," akaniambia. Nikasema kweli, ningemuuliza.

Mchana ulipopita sakafu ilikuwa inaonekana yote. Tayari alinyoosha mgongo.

"Ta—"

Mama yake alibandika kiganja chini ya ukuta, akakionyesha. Kimelowa. Tayari akalimeza neno, akaokota tambara.

Jioni tulikuwa jikoni, miguu imekunjamana kwa maji, aliponiomba simu. Nilijua anampigia jirani mwenye ufunguo. Nilimpa, nikajifanya naosha vikombe.

"Halo? Nimefika salama. Sikiliza, nenda pale kwangu uzime friji, vilivyomo ule. Kigoda changu na ndoo zangu mbili za kufulia mpe mwanangu, atapita Jumanne." Akanyamaza kusikiliza. "Wapi! Narudi vipi? Watu hawa wameziba jicho la nyumba yao wenyewe. Mimi nikiondoka si watazama?"

Akanirudishia simu, akachukua mkoba wake kutoka kwenye kiti nilipouweka, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na aproni zangu. Akasema atalala kwa mjukuu wake mpaka chini kukauke.

Siku tisa baadaye feni ilikuwa bado inavuma kule chini. Mama mkwe alisimama juu ya ngazi.

"Mwanangu! Chumba changu tayari?"

Tulisikia kiganja kikigonga ukuta, hapa, kisha pale, kisha kule nyuma ya beseni.

"Bado, mama," mume wangu akajibu. "Nipe siku mbili."